Nyavu za fundi wa Magomeni, baada ya msimu mzima wa masika

Nimesubiri miezi saba kabla ya kuandika. Kazi ya kuziba nyumba dhidi ya mbu huwezi kuisifia wiki ile ile fundi anapoondoka. Fundi wangu alimaliza Februari 2025, na Februari hapa Dar mbu ni wachache, kinachosumbua ni joto tu. Ilibidi masika yaje, yanyeshe, yaishe, halafu yale maji yanayobaki bondeni mwezi wa Juni na Julai nayo yakauke. Sasa yamekauka, na vuli haiko mbali. Ninaweza kusema nilichokiona.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga vyumba viwili Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua na choo nyuma. Kutoka kwetu kwenda Bonde la Msimbazi ni mwendo wa miguu, na mvua kubwa ikinyesha, maji ya pale Jangwani tunapata habari zake kabla ya redio. Ninayemzungumzia ni seremala mwenye kibanda njia ya kwenda Kigogo. Zamani alitengeneza vitanda na makabati. Siku hizi kazi yake kubwa ni fremu za nyavu za madirisha.

Kilichonipeleka kwake ni ugonjwa wa mwanangu. Juni 2024 binti yangu alikuwa na miaka sita. Jumapili usiku alipata homa, Jumatatu ikashuka, nikadhani ni uchovu wa kucheza. Jumanne saa kumi alfajiri aliamka anatetemeka, meno yanagongana, ngozi inaunguza mkono. Nikamfunga khanga mgongoni, tukapanda bajaji hadi kituo cha afya. Wakamtoboa kidole, tukakaa kama robo saa, kipimo kikaonyesha mistari miwili. Nesi akaniuliza, "Mama, mmesafiri?" Hatukusafiri. Hakwenda Lindi kwa babu yake, hakwenda popote. Malaria aliipata hapa hapa mjini, chumbani kwangu au barazani kwangu. Tukapewa dawa mseto, asubuhi na jioni kwa siku tatu, na nesi akasisitiza nimpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ishike vizuri. Akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa analala ndani ya chandarua, kila usiku. Niliporudi nyumbani nikakishusha nikakitazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kilikuwa kile nilichopewa kliniki nilipokuwa na mimba yake. Vyandarua hivi vimetengenezwa dawa idumu kama miaka mitatu, au ifuliwe mara ishirini hivi. Changu kilikuwa na miaka sita na ushee. Nilikuwa nakifua kwa jiki ili kiwe cheupe na kukianika juani, mambo mawili yanayoimaliza dawa haraka. Upande wa ukutani kulikuwa na matundu matatu, moja ninapitisha kidole gumba. Mtoto akilala anajisogeza mpaka goti linagusa kitambaa, na mbu hahitaji kuingia ndani ili amuume. Mimi ninayeshona nguo za watu, tundu la chandarua cha mwanangu sikuliziba.

Nikabadilisha vyandarua vyote viwili. Hapa niseme jambo moja kwa wanaonunua: vipo vya dawa ya aina moja na vipo vya dawa mbili. Mbu wa sehemu nyingi za nchi yetu wameizoea ile dawa ya zamani. Kule Misungwi, Mwanza, kulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yakatoka 2022, na watoto wa vijiji vilivyopewa aina mojawapo ya vyandarua vya dawa mbili, ile yenye dawa iitwayo chlorfenapyr, waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili, wakilinganishwa na wale wa chandarua cha dawa moja. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua hicho. Kitundike kivulini kwa siku nzima kabla ya kukilalia mara ya kwanza, kifue kwa sabuni ya kawaida, kianike kivulini.

Lakini chandarua kinakulinda ukiwa kitandani. Mtoto wa miaka sita anakula, anasoma, anatazama katuni, na yote hayo anayafanya nje ya chandarua. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, ila wapo wanaoanza kazi mapema. Nikajaribu yale tunayojaribu sote. Dawa ya kuchoma ilinigharimu Sh 400 kwa usiku, moja kila chumba, na mwanangu akaanza kikohozi kikavu. Dawa ya kupuliza inaua waliomo kwa wakati ule, baada ya saa moja wengine wameshaingia. Mama yangu alileta kivumbasi kutoka Buguruni, akatuwekea dirishani, na kwa kweli mbu hukaa mbali kidogo majani yakiwa mabichi. Yakinyauka ndio basi.

Jirani wa chumba cha mbele ndiye aliyenielekeza kwa seremala huyu. Nilimwendea nikiwa na hesabu ya madirisha mawili. Akaja jioni, hakushika tepu. Aliomba nifunge madirisha na mlango, nizime taa, halafu nimwombe jirani wa chumba cha pili awashe taa yake. Tukasimama gizani. "Dada, tazama juu," akasema. Kule juu, ukuta unapoishia na bati linapoanzia, kulikuwa na mstari wa mwanga kuzunguka chumba chote. Ukuta wangu na wa jirani haufiki kwenye bati. Mwanga wake unamwagika kwangu, na wangu unamwagika kwake. Upande wa nje napo, kati ya ukuta na kenchi, kuna uwazi wa kiganja kizima ambao waliojenga nyumba hizi waliuacha makusudi ili joto litoke. "Ukiweka wavu dirishani ukaacha huku," akaniambia, "umefunga mlango wa mbele ukaacha wa uani wazi."

Ninampa sifa kwa hili kuliko kwa kazi ya mkono wake. Mafundi wawili niliowahi kuwaita kabla yake walipima dirisha, wakataja bei, wakataka nauli. Hakuna aliyeinua macho. Nyumba zetu hizi za ukumbi katikati zinaingiza mbu kwa juu. Harufu ya watu waliolala hupanda na hewa ya joto, hutokea pale kwenye uwazi, na mbu huifuata humo humo kurudi ndani.

Nilimuuliza kwa nini tusipige dari tu. Akanijibu kwamba dari ni nzuri kwa mwenye pesa na mwenye nyumba yake, ila chumba kidogo chini ya bati, ukikifunga juu bila kuacha hewa, hakikaliki mwezi wa kwanza na wa pili. Akashauri tuzibe uwazi wote kwa wavu, hewa ipite, mbu abaki nje. Nikakubali, na sasa nasema alishauri vizuri.

Wavu wenyewe alinionyesha wa aina tatu. Ule wa kijani wa plastiki ni wa bei ndogo na unalegea juani baada ya mwaka. Wa chuma ni mgumu lakini upepo wa bahari unauletea kutu. Tukachukua wa faiba, wa kijivu, matundu madogo, Sh 3,500 kwa mita, mita 14. Mbao, bawaba, makomeo na misumari vilikula Sh 46,000. Ufundi Sh 70,000. Jumla Sh 165,000, na nilikwenda naye dukani mwenyewe, kwa hiyo hakuna bei niliyosimuliwa.

Madirisha yalikuwa na shida yake. Ni ya mbao, milango miwili inayofunguka kwa nje, na ndani kuna nondo. Ukipigilia wavu nje, huwezi kufungua dirisha. Ukiupigilia ndani, mkono haufiki kulifunga mvua ikija. Wengi huishia kukata tundu la kupitisha mkono, na tundu hilo ndilo hilo mbu analolitaka. Yeye alitengeneza fremu nyepesi, akaifunga kwa bawaba upande wa ndani, ikawa inafunguka kama kabati. Nafungua fremu, napitisha mkono kati ya nondo, navuta dirisha, narudisha fremu, naweka komeo. Mwanangu anaweza. Hata mama yangu, mwenye baridi yabisi vidoleni, anaweza.

Nilikagua ncha zake kwa jicho la kazi yangu. Wavu aliukata kwa kufuata nyuzi, akaukunja mara mbili ukingoni, akaubana kwa pini kila baada ya vidole viwili, halafu akafunika kwa mkanda mwembamba wa mbao. Wavu usiokunjwa unachomoka nyuzi, na ukichomoka nyuzi moja, wiki ya pili una tundu la kupita nzi. Kule juu kwenye kenchi kazi haikuwa safi hivyo. Alibana moja kwa moja kwenye mbao bila kukunja. Nilipomwambia, alipanda tena ngazi akaongeza mkanda. Hakukasirika.

Mlangoni nilishona mwenyewe pazia la wavu uliobaki: mikanda miwili inayopishana katikati kwa futi moja na nusu, na chini kwenye pindo nikaingiza mnyororo mwembamba ili pazia lisipeperuke. Nimeshawashonea wapangaji wenzangu watatu.

Sasa matokeo. Kabla ya kazi hii nilikuwa na tabia ya kuhesabu. Asubuhi, kabla ya kuamsha watoto, nilimulika kona za chumba na nje ya chandarua nikahesabu mbu waliotua ukutani, wale waliojaa damu. Mei 2024 nilikuwa naona 9, 11, siku moja 16. Mei 2025, mvua zikiwa kali, nyingi ya asubuhi niliona mmoja, au wawili, au hakuna. Siku nilizoona zaidi ya watatu nilitafuta sababu na kila mara niliipata: mlango ulibaki wazi magharibi, au fremu haikuwekwa komeo. Msimu wote huu hakuna mtu chumbani kwangu aliyeugua malaria. Mwaka mmoja na familia moja havithibitishi kitu, najua. Binti yangu alipata homa Mei, nikampeleka kupima siku hiyo hiyo bila kungoja, haikuwa malaria. Nitaendelea kupima kila homa, kuwepo kwa nyavu kusimzuie mtu kwenda kupima.

Faida ambayo sikuitegemea ni ya mchana. Wale mbu weusi wenye madoa meupe wanaozaliana kwenye ndoo na matairi, wanaoleta dengi, huuma jua likiwa juu, na chandarua hakiwahusu. Tuliokuwa Dar 2019 tunaikumbuka dengi, viungo vilivyouma kama vimepigwa nyundo. Fremu za dirisha zinawazuia na hao. Na wale wa mitaro na vyoo, wanaotupigia kelele masikioni, hawaleti malaria lakini ndio wa matende na mabusha. Kwa wavu wote ni wamoja.

Kasoro ninazo, na nataka zisomwe kama zilivyo sifa.

Ya kwanza ni muda. Aliahidi siku mbili, akatumia tano, na siku mbili kati ya hizo hakuja kabisa wala kupokea simu. Nililala chumba kikiwa wazi juu na vumbi la msumeno kwenye vitambaa vya wateja wangu. Aliomba radhi, akasafisha, lakini anayelipwa nusu mbele anapaswa kutoa taarifa.

Ya pili ni joto. Wavu unapunguza upepo. Usiku wenye umeme na feni sijali. Umeme ukikatika Machi, chumba kinakuwa kizito, na hapo ndipo unatamani kufungua fremu. Usiifungue. Sisi tunalowesha khanga na kujifunika.

Ya tatu ni vumbi. Barabara yetu si ya lami, na baada ya wiki tatu wavu unaziba kabisa, hewa haipiti. Lazima upigwe brashi kavu kila wiki mbili, kisha kitambaa cha maji. Fundi hakuniambia. Kule juu ni kazi ya ngazi, na mwenye mgongo mbovu aombe msaada.

Ya nne ni panya. Julai walitafuna kona moja juu ya kabati. Nilimwita, akaja bila kuniongezea gharama, akaweka kipande cha wavu wa chuma pale. Angeweza kuweka cha chuma kwenye kona zote tangu mwanzo. Mwambieni hivyo.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna fundi atakayeliziba. Nashona barazani hadi saa tatu na nusu usiku, maana ndani hakuna nafasi ya cherehani. Watafiti waliofuatilia mbu wa Dar waliona zamani kwamba mbu wa malaria wa mji huu hupenda sana kuuma nje. Na miguu ndiyo wanayoitaka, kwa sababu huruka chini chini. Kwa hiyo navaa soksi ndefu hata kukiwa na joto, najipaka mafuta ya kufukuza mbu kwenye vifundo na mikono, watoto nawaingiza ndani magharibi. Mteja akiniuliza mbona soksi, namweleza.

Na bonde lipo pale pale. Mbu wa malaria anapenda maji yaliyotulia, yanayopigwa na jua, hata ya alama ya tairi. Anapenda mifereji kati ya matuta ya mchicha na visima vifupi vya kumwagilia. Siwezi kumwambia mtu asilime mchicha, naula kila siku. Nilikulia Buguruni, na 2006 nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne wakati vijana wa mtaa walipokuwa wakizunguka na dawa ya viluwiluwi, wakiingia mpaka uani kwetu kutazama madimbwi na kuandika kwenye karatasi. Buguruni, Kurasini na Mikocheni ndizo kata zilizoanza. Mama alikuwa anawapa maji ya kunywa. Dawa ile ni ya vijidudu vinavyoua viluwiluwi bila kudhuru mtu wala kuku, na leo nchi yetu ina kiwanda chake Kibaha. Ningependa kuwaona vijana wale tena kila mwaka, mwezi wa tatu kabla ya mvua, mtaa kwa mtaa. Mtu mmoja na wavu wake dirishani hawezi kulimaliza bonde.

Kwa wapangaji: ongeeni na mwenye nyumba kabla ya kuanza. Mimi nilimwendea mama mwenye nyumba wangu na karatasi ya hesabu, nikamweleza kwamba fremu zitabaki hata nikihama. Alikubali kunikatia Sh 60,000 kwenye kodi ya miezi sita. Yangu ikabaki Sh 105,000. Kwa dawa za kuchoma nilikuwa natumia Sh 12,000 kwa mwezi, kwa hiyo katika miezi tisa pesa yangu inarudi, bila kuhesabu bajaji ya alfajiri na siku tatu za kutoshona. Asiyekuwa na pesa ya vyote aanze na juu ya ukuta, chumba anacholala mtoto, kisha dirisha, kisha mlango. Na fanyeni sasa, Septemba hii, kabla ya vuli. Mvua zikianza anakuwa na foleni na bei inapanda.

Nampa fundi nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa zile siku mbili za kimya na kwa kona za panya.

Alhamisi anakuja chumba cha jirani yangu, yule ambaye taa yake ndiyo iliyotuonyesha matundu. Ana mtoto wa miezi minne. Mstari ule wa mwanga kati yetu nilikuwa nimeuziba upande wangu tu, sasa utazibwa na upande wake, na pazia la mlango nimeshamkatia, limebaki pindo.